Mwiko wa Kukataza na Mwiko wa Kupikia: Rai kuhusu Kupunguza Uzani

Mtu akifungua kamusi ya Kiswahili penye neno mwiko atakuta maana zaidi ya moja. Kuna mwiko ambao ni kijiko kikubwa cha mti cha kusongea ugali na kupakulia wali. Kuna pia mwiko ambao ni katazo: jambo lisilotendwa kwa sababu ya mila, au chakula ambacho mgonjwa huambiwa na mganga asikiguse hadi atakapopona. Mwanaisimu atatukumbusha kwamba maneno kufanana kwa umbo si hoja ya kuwa yana uhusiano wa maana. Hilo ni kweli. Hata hivyo, mfanano huu unatufaa katika suala ambalo makala haya yanalijadili, yaani juhudi za mtu anayetaka kupunguza uzani baada ya kujaribu na kushindwa mara kadhaa. Rai yangu ni kwamba mtu huyo aghalabu ameushika mwiko wa kukataza na kuusahau mwiko wa kupikia. Amejinyima vyakula kwa muda, ilhali hakubadilisha chochote katika namna anavyopika, anavyopakua na anavyoishi siku zote. Muda wa katazo ukiisha, chungu ni kilekile, sahani ni ileile, na kilo zilizoondoka hurejea.

Huenda msomaji akauliza jarida la wanafunzi wa Kiswahili lina hisa gani katika suala la kilo za watu. Lina hisa mbili. Kwanza, sisi wenyewe tumo. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2008–09 ulipata kwamba robo ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi kiasi. Utafiti kama huo wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa sehemu hiyo ilikuwa imefika thuluthi moja, na ule wa 2022 haukuonyesha dalili ya kurudi nyuma. Kazi ya msomi nayo ni ya kuketi. Anayeandika tasnifu huketi maktabani tangu asubuhi, hunywa chai yenye sukari ili asisinzie, kisha hupanda matatu kurudi anakoishi. Pili, suala hili limejaa lugha. Mtu hupunguza uzani, au hushindwa kuupunguza, ndani ya hadithi anayosimuliwa na anayojisimulia. Na hadithi, kama tujuavyo, ndiyo kazi yetu.

Neno na safari yake

Tuanze na neno lenyewe. Mitaani husemwa kwamba fulani "yuko kwenye dayati", kana kwamba dayati ni gari alilolipanda na ambalo atateremka punde si punde. Neno hilo lilitujia kupitia Kiingereza, lakini chimbuko lake la mbali ni neno la Kiyunani diaita, lililomaanisha namna ya kuishi. Kwa matabibu wa kale wa Kiyunani, diaita ilijumuisha chakula, kinywaji, mazoezi na usingizi. Halikuwa jina la majuma mawili ya supu ya kabichi. Katika safari yake ndefu neno hili limefinywa, na pamoja nalo imefinywa dhana iliyolibeba. Kilichokuwa mtindo wa maisha sasa ni adhabu ya muda.

Kiswahili nacho kina somo lake. Tunasema kwamba mtu anayejinyima chakula amefunga. Lakini kila anayefunga hufungua. Ndiyo tabia ya kitenzi hicho na ndiyo tabia ya tendo lenyewe. Muumini anayefunga mwezi wa Ramadhani anajua kwamba adhana ya magharibi italeta tende, kaimati na viazi vya nazi, na kwamba mwandamo wa mwezi utaleta Idi. Saumu yake ni ibada, na ibada ile ina mwisho uliokusudiwa. Anayetaka kupunguza uzani kwa njia ya kufunga tu ameazima kitenzi chenye mwisho kwa jambo lisilokuwa na mwisho.

Historia inao mfano wa mtu aliyehangaika hivyo. Mwaka 1863 jijini London, William Banting, mzee aliyeendesha biashara ya familia ya kutayarisha mazishi, alichapisha kijitabu kuhusu unene wake. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu mengi kwa miaka mingi: kupiga makasia alfajiri, kupanda farasi, kuoga baharini, kuketi katika bafu za mvuke, hata kujinyima chakula. Makasia yalimwongezea nguvu, lakini pia yalimwongezea hamu ya kula. Hatimaye daktari William Harvey alimpangia mlo uliopunguza sukari, mkate, viazi na bia, naye akapoteza takriban kilo 21 katika muda wa mwaka mmoja hivi. Kijitabu hicho kilisomwa sana hata jina la mwandishi likageuka kitenzi katika Kiingereza cha enzi hizo. Katika Kiswidi kitenzi hicho, banta, kingali kinatumika kwa maana ya kujinyima ili kupunguza uzani. Wasomaji walilishika jina na orodha ya vyakula vilivyokatazwa. Walichokisahau ni hesabu: kilo 21 kwa mwaka ni chini ya nusu kilo kwa juma. Huo ni mwendo wa kinyonga, na ndio uliomfikisha.

Hadithi ya picha mbili

Hebu tuyatazame matangazo ya kupunguza uzani kama tunavyoitazama kazi yoyote ya fasihi. Kuna chai ya kuondoa kitambi, siki ya tufaha, maji moto ya limau, juisi za kusafisha mwili, na orodha za siku saba zinazosambazwa kwa simu. Bidhaa ni tofauti lakini msuko ni mmoja. Kuna picha ya "kabla", ambapo mhusika amesimama akiwa na huzuni, amevaa nguo isiyompendeza. Kuna picha ya "baada", ambapo mhusika yuleyule anatabasamu, amejipamba, na suruali yake ya zamani ameishika mkononi ili sote tuone ilivyokuwa pana. Baina ya picha hizo mbili hakuna kitu. Hakuna njaa ya usiku, hakuna arusi ya binamu, hakuna juma la mtihani. Yaani mtu mwenye mwili duara amefanywa kuwa mhusika bapa.

Lakini pengo kubwa zaidi si la katikati, ni la mwishoni. Picha ya tatu, ile inayopaswa kupigwa baada ya miaka miwili au mitatu, haichapishwi kamwe. Hadithi imekatwa penye kilele. Hadhira inaachwa iamini kwamba suluhu imepatikana, kama ngano zinazomalizika kwa kusema kwamba waliishi raha mstarehe. Mtu aliyepunguza kilo kumi kisha akazirudisha kumi na mbili hujiona kuwa yeye peke yake ndiye aliyeiharibu hadithi. La hasha. Hadithi yenyewe haikusimuliwa hadi mwisho.

Mwili nao una hoja zake

Kwa nini picha ya tatu huwa hivyo? Jawabu la haraka ambalo wengi hulitoa ni kwamba mtu huyo hana nidhamu. Tuliweke jawabu hilo kwenye mizani ya ushahidi.

Kati ya mwaka 1944 na 1945, mwanasayansi Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani aliwafanyia utafiti wanaume 36 waliojitolea. Walikuwa vijana wenye afya njema, waliokataa kushika silaha vitani kwa sababu ya dhamiri zao. Hawakuwa wanene wala walafi. Kwa karibu miezi sita walipewa takriban nusu ya chakula chao cha kawaida, nao wakapoteza karibu robo ya uzani wao. La kuzingatia zaidi ni yaliyowapata akilini. Wakawa wachovu na wepesi wa hasira. Mazungumzo yao yakawa ya chakula, na baadhi yao wakaanza kusoma na kukusanya vitabu vya mapishi ilhali hawakuwa wapishi. Waliporuhusiwa kula watakavyo, wengine waliendelea kula hata baada ya matumbo kujaa, na mafuta ya mwili yakarejea kwa kasi kupita kiwango cha awali. Kama nidhamu ndiyo kila kitu, basi tueleze ilikuwaje vijana walioweza kuhimili lawama za taifa zima wakashindwa kuihimili sahani ya chakula.

Utafiti wa baadaye umeeleza sehemu ya fumbo hili. Mwaka 1994 iligunduliwa homoni iitwayo leptini, ambayo hutoka katika mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 1999 ikagunduliwa ghrelini, itokayo zaidi tumboni, ambayo huamsha njaa. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 50 waliowekwa kwenye mlo mdogo mno kwa majuma kumi. Mwaka mmoja baada ya kuanza kupungua, homoni zao za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi katika hali ya awali. Mwili ulikuwa ungali unadai kilichopotea. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake nchini Marekani waliwafuatilia watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzani. Miaka sita baada ya shindano, 13 kati yao walikuwa wamerudisha sehemu ya kilo zao, na wanne walikuwa wazito kuliko walivyoanza. Isitoshe, miili yao ikiwa imepumzika iliteketeza takriban kalori 500 kwa siku chini ya kiasi kilichotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao.

Haya yote yana mantiki yake. Kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu adui alikuwa njaa, na mwili uliojua kubana matumizi wakati wa ukame ndio uliosalia kuzaa. Mwili haujui kwamba mwenyewe anajiandaa kwa mahafali ya mwezi ujao. Unachokijua ni kwamba chakula kimepungua ghafla, na unafanya kile ulichofanya kila mara: unapunguza matumizi na kupiga kengele ya njaa. Kadiri kupungua kunavyokuwa kwa ghafla na kukubwa, ndivyo kengele inavyolia kwa nguvu.

Msomaji atauliza kuhusu dawa mpya za sindano zinazozungumzwa sana. Ni kweli kwamba zimebadilisha mengi. Semaglutaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya kupunguza uzani, iliwapunguzia watu katika jaribio moja kubwa takriban asilimia 15 ya uzani wao kwa majuma 68. Lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya kuiacha, watu walikuwa wamerudisha kama thuluthi mbili za kilichopotea. Hili si kosa la dawa wala la mgonjwa. Ni ushahidi mwingine kwamba uzani, kama shinikizo la damu, ni jambo la kuangaliwa siku zote. Hata teknolojia mpya kabisa haijaifuta kanuni hiyo.

Kuteleza si kuanguka

Je, basi tukate tamaa? Hapana. Wapo waliofaulu, na habari zao zimekusanywa. Mwaka 1994 watafiti Rena Wing na James Hill walianzisha nchini Marekani sajili ya watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kudumu hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Maelfu wamejiandikisha tangu wakati huo. Ikumbukwe kwamba hawa walijitokeza wenyewe, kwa hivyo hawawakilishi kila mtu. Hata hivyo, habari zao zina mafunzo. Wengi wao walikuwa wamejaribu na kushindwa hapo awali. Njia walizotumia kupunguza zilitofautiana sana, lakini njia za kudumisha zilifanana: wengi hutembea au kufanya mazoezi kwa takriban saa moja kila siku, hula kifungua kinywa, hujipima angalau mara moja kwa juma, na hawaketi sana mbele ya televisheni. Hakuna muujiza hapo. Kuna mazoea.

Suala la mazoea ndilo kiini cha jambo hili kwa mtu aliyeteleza mara nyingi. Aghalabu si andazi moja linalomwangusha, bali hukumu anayojitolea baada ya andazi hilo. Hujiambia: "Maadamu nimeshaharibu, acha niharibu hadi Jumatatu." Jumatatu hiyo huwa ni ya mwezi mwingine, na ikifika huja na katazo kali zaidi kuliko la kwanza. Katika utafiti uliofanyiwa watu 96 katika chuo cha University College London na kuchapishwa mwaka 2009, ilibainika kwamba tendo jipya la kila siku huchukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea, ingawa kwa wengine zilitosha siku 18 na kwa wengine zingehitajika 254. Jambo lenye faraja zaidi katika utafiti huo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa mazoea hayo. Wahenga walilijua hilo bila maabara. Walisema kuteleza si kuanguka, na wakasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tunazikariri methali hizi katika mitihani; ni wakati wa kuzitumia mezani.

Aidha, lengo lenyewe lahitaji kupunguzwa kabla ya mwili. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusisha watu 3,234 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzani na kufanya mazoezi, kama vile kutembea kwa kasi, kwa dakika 150 kwa juma. Katika kundi hilo visa vipya vya kisukari vilipungua kwa asilimia 58 vikilinganishwa na vya waliopewa vidonge visivyo na dawa, ilhali kundi lililopewa dawa ya metformini lilipata upungufu wa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na ushei. Hakuna tangazo litakalompiga picha mtu aliyepunguza kilo sita. Lakini kongosho, moyo na magoti yake yatakuwa yamepata nafuu ambayo picha haiwezi kuionyesha. Bandu bandu huisha gogo.

Mwiko wa kupikia

Sasa turudi jikoni. Mlo ulioandikwa kwa ajili ya watu wa kwingine, wenye samaki wa bei ghali, lozi na maziwa ya aina tatu, hauwezi kudumu katika chumba cha hosteli wala katika nyumba inayolisha watu wanane. Na mlo usiomruhusu mtu kula chapati siku ya Krismasi au pilau siku ya Idi umetungwa kwa ajili ya mtu asiye na jamaa. Kwetu kukikataa chakula cha mwenyeji ni kumkataa mwenyeji. Kwa hivyo katazo tupu linagongana na utu, na penye mgongano huo ni afadhali katazo lishindwe.

Mwiko wa kupikia hauhitaji kumkataa mtu. Unahitaji kubadilisha vipimo. Chukua chai, kwa mfano. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 50 au vijiko 12 vya chai kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana ipungue hadi nusu ya hapo. Anayekunywa vikombe vinne vya chai, kila kimoja kwa vijiko vitatu, amefika kwenye mpaka huo kabla hajagusa soda wala andazi. Soda ya mililita 300 ina takriban vijiko vinane. Mtu huyu hahitaji kuacha chai. Chai ni ukarimu na ni mazungumzo. Apunguze kijiko kimoja kwa kila kikombe, akae hivyo mwezi mzima hadi ulimi uzoee, kisha apunguze kingine.

Chukua mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye mtungi hajui amemimina vijiko vingapi. Anayepima kwa kijiko anajua. Chukua ugali na sukuma wiki. Mpangilio wa kawaida ni mlima wa ugali na kilima cha mboga. Ukipinduliwa, yaani mboga na maharagwe vikapata nusu ya sahani na ugali ukapata robo, hakuna chakula kilichoharamishwa na hakuna shilingi nyingi iliyoongezeka. Anayekula kibandani anaweza kuagiza ugali nusu na mboga zaidi. Githeri, kunde, ndengu na viazi vitamu ni vyakula vyetu, vinashibisha kwa muda mrefu, na bei yake ni nafuu kuliko ya poda zinazouzwa kwa majina ya kutisha. Kuhusu mazoezi, anayeteremka kwenye matatu vituo viwili kabla ya kwake na kutembea kila siku amepata mazoezi yasiyodai ada ya ukumbi wala viatu maalumu. Kigezo cha kuchagua badiliko ni swali moja tu: je, nitaweza kulifanya hili miaka mitano ijayo, siku za kilio na siku za sherehe? Kama jibu ni hapana, hilo ni katazo, na katazo lina mwisho.

Niongeze tahadhari moja. Wapo ambao uzani wao umetokana na dawa wanazotumia au na maradhi, na wapo ambao kujinyima kwao kumegeuka kuwa ugonjwa. Hao, pamoja na waja wazito na wenye kisukari, wamwone daktari kwanza.

Kauli zetu na wajibu wetu

Kuna kambi mbili zitakazoipinga rai hii. Ya kwanza itadai kwamba ninawatetea wavivu: anayetaka hukaza kamba, asiyetaka hutafuta visingizio. Jibu langu ni kwamba juhudi zinahitajika, na hakuna ninayemwondolea wajibu wake. Lakini juhudi za kuishi vingine kwa miaka kumi ni kubwa kuliko juhudi za kujitesa kwa siku kumi. Anayemwita mwenzake mlafi hamsaidii kuzifanya. Ngano zetu zimemsawiri fisi kama mlafi anayeangamizwa na tumbo lake, nasi tumeichukua taswira hiyo tukamvisha kila mwenye mwili mkubwa. Tumesahau kwamba ngano zile zilikemea tamaa, na tamaa haipimwi kwa kilo.

Kambi ya pili itasema kwamba kujali uzani ni kuiga ya wageni, kwani kwetu unene ni afya na heshima. Hoja hii ina mizizi halisi. Kiswahili humsifu mtu kwa kusema amenawiri, ilhali kukonda hutajwa pamoja na dhiki. Katika miaka ya 1980 UKIMWI ulipata jina la Slim nchini Uganda, na woga wa kukonda ukaingia katika salamu zetu. Hadi leo anayepunguza kilo tano huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa au kama mambo ya nyumbani si mazuri, na wengine huacha juhudi zao kwa sababu ya swali hilo tu. Lakini kuilinda heshima ya mwili mkubwa ni jambo moja, na kuyafumbia macho maradhi ya kisukari na shinikizo la damu ni jambo lingine. Tunaweza kumheshimu mtu jinsi alivyo na bado kumtakia magoti yasiyouma.

Hapa ndipo wajibu wetu kama watu wa lugha unapoanza. Katika michezo ya kuigiza tunayoitunga kwa ajili ya sherehe zetu, mhusika mnene huletwa jukwaani ili achekwe kabla hajatamka neno. Tumpe jambo la kusema. Katika salamu zetu, neno la kwanza kwa rafiki tuliyepotezana naye lisiwe hesabu ya kilo zake, ziwe zimeongezeka au zimepungua. Wanaofasiri habari za afya watutafutie maneno yanayomaanisha mazoea na maisha, badala ya vita, mateso na ushindi wa siku saba. Na yule aliyejaribu mara nne akashindwa mara nne asiianze ya tano kwa orodha ya vyakula alivyoviharamisha. Aanze kwa kuupima mkono wake unapopakua, leo na kesho, na siku akisahau, asubiri mlo unaofuata na si Jumatatu ijayo.